Sweta kuukuu, uzi mpya: miaka 200 ya sufu isiyotupwa

Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mtengeneza nguo aitwaye Benjamin Law alichambua matambara ya sufu mpaka yakarudi kuwa nywele za kondoo, akayachanganya na sufu mpya, akasokota uzi na kufuma kitambaa. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeifanya sufu kuwa adimu na ghali, huku majeshi yakidai makoti na mablanketi kila mwezi. Kitambaa hicho kilipewa jina la shoddy. Baada ya muda Batley na jirani yake Dewsbury zikawa makao ya biashara ambayo dunia haikuwa imeiona: matambara kutoka pande zote za Ulaya yalishushwa huko, yakapigwa mnada na kuingizwa viwandani.

Kazi yenyewe ilianzia mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliopanga matambara kwa aina na rangi, wakakata vifungo na kufumua mishono. Kisha yakatiwa kwenye mashine yenye pipa la meno ya chuma lililozunguka kwa kasi na kuyararua. Wafanyakazi waliiita mashine hiyo shetani, na hawakukosea. Vumbi lake liliwaingia mapafuni na kuwaletea maradhi yaliyojulikana kama homa ya shoddy. Sifa ya uvumbuzi huu haikamiliki bila kuwataja hao walioulipia kwa pumzi zao.

Watu wa Batley waligundua mapema jambo ambalo ni kiini cha historia hii yote: ubora wa sufu iliyorejeshwa hutegemea urefu wa nywele zinazosalimika. Soksi na nguo nyingine za kufumwa kwa sindano, ambazo vitanzi vyake vimelegea, zilichambuka kwa urahisi na kutoa nywele ndefu. Vipande vya suti na makoti, vilivyofumwa na kushindiliwa, vilitoa nywele fupi, na zao lake likaitwa mungo, daraja la chini zaidi. Hiyo ndiyo sababu nguo iliyofumwa kwa vitanzi imekuwa na thamani sokoni hata baada ya kuchakaa.

Biashara ilikua haraka. Mwaka 1860 Samuel Jubb aliiandikia kitabu kizima cha historia. Karl Marx naye, akizungumzia matumizi ya mabaki ya viwandani, alitaja kwamba kufikia mwisho wa 1862 theluthi moja ya sufu iliyotumika viwandani Uingereza ilitokana na matambara.

Aibu ilikuja kutoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, wafanyabiashara waliokuwa na haraka ya faida waliliuzia jeshi sare zilizotengenezwa kwa nywele fupi mno. Mvua iliponyesha, sare zikasambaratika zikiwa mwilini mwa askari. Lawama ikabebeshwa sufu ya matambara, ilhali kosa lilikuwa la tamaa. Miongo mingi baadaye, kwa sheria ya mwaka 1939, Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuonyesha kwenye lebo kama sufu ni mpya au imewahi kutumika.

Huko Prato, Italia, ustadi uleule ulipata heshima. Tangu karne ya 19 mji huo umekuwa na wachambuzi wa matambara waitwao cenciaioli, ambao huitambua sufu kwa kuigusa na kuigawa kwa rangi. Nyekundu ikienda na nyekundu na buluu na buluu, kitambaa kipya hutoka na rangi yake bila kutiwa rangi upya, na maji na kemikali nyingi huokolewa. Mwandishi Curzio Malaparte, mzaliwa wa Prato, aliusifu mji wake kuwa ndiko matambara ya dunia yanakoishia. Baadaye Panipat, kaskazini mwa India, nayo ikawa kituo kikubwa, ikitengeneza mablanketi ambayo mashirika ya misaada yamekuwa yakinunua kwa ajili ya waliokumbwa na maafa.

Lakini kuna njia ya pili, isiyohitaji shetani wala vumbi lake: kufumua. Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941, kila mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na hata uzi wa kufumia ulizihitaji. Mwaka 1943 serikali ilitoa kijitabu cha kufundisha watu kutengeneza na kurekebisha walichonacho. Sweta ya baba iliyotoboka viwiko ikafumuliwa, uzi ukaoshwa, mtoto akafumiwa yake. Mgao huo haukukoma hadi Machi 1949. Mashine hukata nywele za sufu. Mkono unaofumua huuacha uzi mzima, na hapo ndipo mama wa nyumbani anapokishinda kiwanda.

Afrika Mashariki ina nafasi katika historia hii. Marobota ya mitumba yanayofunguliwa katika masoko ya Gikomba jijini Nairobi, Memorial ya Moshi au Owino jijini Kampala yana sweta za sufu halisi. Nchini Kenya, wasusi wa vikapu viitwavyo vyondo wamewahi kuchukua nyuzi za sweta kuukuu na kuzisuka pamoja na katani ili kupata rangi.

Anayetaka kuanza aichague sweta kwa macho. Lebo iseme ni sufu tupu. Aigeuze ndani aangalie mishono: ikiwa kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, atapata vipande vifupi tu; kingo zikiwa nzima, uzi utafuatana. Iliyooshwa kwa maji moto ikasinyaa na kugandamana haifumuki. Afungue mishono, aanzie pale mfumaji alipomalizia, mara nyingi shingoni au begani. Uzi auzungushe kwenye mgongo wa kiti, aufunge sehemu chache usitatizike, auloweke katika maji ya uvuguvugu na kuutundika ukauke. Mikunjo yake itanyooka na uzi utakuwa tayari kwa kofia, soksi au blanketi la mtoto.

Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kufumua kama vinavyofundisha kushona, na vikundi vya akina mama vya Njombe, Limuru na Kabale, kwenye baridi ya kweli, viwe vya kwanza. Malighafi iko sokoni na haihitaji kiwanda. Nawe msomaji, kabla hujaigeuza sweta ya sufu kuwa tambara la kudekia, tafuta ncha ya uzi wake uivute. Akiba haiozi.