Mchoro wa kikwembe una mwenyewe

Sheria ya kulinda mchoro wa bidhaa ilianzia kwenye vitambaa. Mwaka 1787 Uingereza ilimpa mbunifu wa mchoro wa kitambaa ulinzi wa miezi 2 tu. Mwaka 1806, enzi za Napoleon, watengenezaji wa hariri wa Lyon, Ufaransa, waliruhusiwa kuweka sampuli ndani ya bahasha yenye muhuri. Ugomvi ukizuka, baraza lilifungua bahasha na kujua mwenye mchoro ni nani.

Kwetu, nchi ikiitwa Zaire, sheria ilitoka tarehe 7 Januari 1982. Inamlinda aliyeandikisha mchoro wake.

Fundi aliyekimbia vita ameacha cherehani nyumbani, lakini ubunifu amekuja nao. Auandikishe mchoro wake kabla ya kuupeleka sokoni.