Gesi ya R-22: Kutoka Gigiri hadi Kuta za Voi

Mlimani Sagalla usiku watu hujifunika blanketi. Ukiteremka Voi, chini ya mlima huohuo, hata shuka ni mzigo. Ndiyo maana viyoyozi utavitafuta mitaa ya mjini ya Mwakingali na Kaloleni, si vijijini kule juu. Vile vya zamani, aghalabu, vina gesi ya R-22, ile ya mtungi wa kijani hafifu.

Gesi hiyo ina ukoo. Mkubwa wake ni R-12, iliyobuniwa Marekani mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake. Friji za awali zilitumia amonia na dioksidi ya salfa, ambazo zikivuja huua. Mwaka 1930 Midgley aliivuta gesi yake mpya mbele ya wanakemia wenzake, akaipuliza, mshumaa ukazimika: haina sumu, haishiki moto. Kweli tupu, kwa huku chini. Kule juu angani, kama walivyoeleza wanakemia Molina na Rowland mwaka 1974, miale ya jua huivunja, klorini ikatoka na kuitafuna ozoni inayotukinga na miale hiyohiyo.

Hapo Nairobi inaingia. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri jijini humo, chini ya Mmisri Mostafa Tolba, ndiyo iliyozisukuma serikali hadi Mkataba wa Montreal ukatiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Sekretarieti yake iko Gigiri hadi leo. Kenya iliuridhia mwaka 1988.

R-22 ilionekana nafuu, kwani huiharibu ozoni kwa takriban asilimia 5 tu ya madhara ya R-12. Nafuu si kupona. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na kundi la R-12 mwaka 2010, kisha kundi la R-22 likapangiwa ngazi za kushuka: asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025. Kuanzia 2030 kitabaki kiasi kidogo cha kukarabatia mitambo iliyopo.

Kenya haitengenezi gesi hizi. Zinaagizwa kutoka nje, na kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwagizaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Bandarini, basi, kuna hesabu. Lakini hesabu hiyo haipandi ngazi na fundi. Akilegeza nati gesi ikatoka ikivuma, hakuna karani wa kuiandika.

Na mwenye nyumba asidanganyike kwamba atabadilisha mtungi tu. Gesi mbadala ya R-410A haina klorini, lakini shinikizo lake ni kubwa kuliko la R-22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta ya kompresa yake ni mengine. Ukiijaza kwenye mashine ya R-22, umeiua. Isitoshe, nayo huongeza joto duniani, ndiyo sababu mwaka 2016 serikali zilikutana Kigali kuipangia ngazi zake.

Kwa hiyo fundi akija kwako, kabla hajagusa nati, muulize: mashine ya kuivuta gesi ya zamani iko wapi, na mtungi wa kuihifadhia je?