Mgonjwa Aliyewafunza Wauguzi

Je, msomaji, umepata kufikiri jinsi mtu aishivyo baada ya kuondolewa kibofu cha mkojo? Saratani ya kibofu ikishazama ndani ya misuli yake, mara nyingi mpasuaji hulazimika kukitoa chote, na mkojo hauna budi kutafutiwa njia nyingine. Wala usidhani kuwa maradhi haya ni ya watu wa mbali. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana pwani yetu, ni mojawapo ya asili zake, kama ilivyo tumbaku.

Mwaka 1950 mpasuaji wa Marekani, Eugene Bricker wa St. Louis, alieleza namna ya kuifanya njia hiyo. Alitwaa kipande cha utumbo mwembamba, akakiunganisha na mirija itokayo katika mafigo, kisha akautoa mwisho wake mmoja nje ya tumbo. Hapo mkojo hutiririka usiku na mchana, ukaingia katika mfuko uliobandikwa ngozini. Uhai ukaokoka, lakini mwenye uhai je? Mfuko ukivuja mbele ya wageni? Mwenzi wake atamtazamaje? Ataketije kati ya watu msikitini au kanisani, naye anahofu harufu? Kisu hakikuyajibu maswali hayo, na wapasuaji wengi, tuseme kweli, hawakuyauliza.

Aliyejitahidi kuyajibu hakuwa daktari, wala hakuwa muuguzi. Norma Gill alikuwa mama wa watoto katika jimbo la Ohio. Aliugua matumbo kwa miaka, hata mwaka 1954 daktari Rupert Turnbull, wa hospitali ya Cleveland Clinic, akampasua na kumwachia tundu tumboni. Lake lilikuwa la choo, si la mkojo. Lakini aibu ni ile ile, na ngozi huchubuka vile vile. Alipopata nguvu akaanza kuwasaidia wagonjwa wenziwe. Mwaka 1958 Turnbull alimwajiri kwa kazi hiyo, ambayo hata jina haikuwa nalo, na mwaka 1961 wakaanzisha mafunzo kwa wengine.

Ebu fikiri maana yake kwa mgonjwa aliyegeuza uso ukutani. Daktari akimwambia kuwa ataishi, husikia maneno. Lakini huyu alikuwa mwanamke aliyevaa nadhifu, mwenye nyumba na kazi, naye mfuko anao chini ya nguo zake! Ndipo mgonjwa huthubutu kuuliza lile alilolificha.

Kazi ile ikawa tawi la uuguzi, na mwaka 1978 wenye kuifanya kutoka nchi mbalimbali wakaunda chama chao cha dunia mjini Milan, Italia. Katika hospitali zenye wauguzi wa namna hiyo, kazi huanza kabla ya kisu. Muuguzi humwambia mgonjwa asimame, aketi, ainame. Hutazama mshipi wake unapita wapi na ngozi hukunjika wapi. Humwuliza pia kama mahali pale anaweza kupaona na kupafikia kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa akikubali, muuguzi hutia alama kwa kalamu, na kesho yake mpasuaji huifuata.