Geneva 2018: siku base ya chama ilimrudisha kiongozi nyuma

Hapa Congo, kuteua mgombea wa uraisi ni kazi ya wakubwa. Mwanachama wa Marabo mwenye kadi mkononi haulizwi. Tarehe 11/11/2018, viongozi saba wa upinzani walipiga kura ya siri kule Geneva, Uswisi, wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Base ya UDPS ikakasirika: wafuasi walijaa kwenye makao makuu ya chama, Limete, Kinshasa. Hata masaa 24 hayakuisha, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa saini zao. Tarehe 23, wawili hao wakaungana Nairobi.

Matokeo ya muda ya CENI: Tshisekedi asilimia 38,57, Fayulu 34,83. Beni na Butembo, ngome ya upinzani, ziliwekwa pembeni. Tarehe 30/12 wakaaji wa Beni wakajipangia kura yao ya mfano.