Machi 2009: Mbongo Alipobakiza Mechi Mbili Kubeba Ubingwa wa Vyuo Marekani

Kijana akirefuka kupita wenzake, awe anakaa Mahongole au Kariakoo, watu hawachelewi kumbatiza jina: Hasheem. Baada ya jina huja utani, kwamba ataenda NBA akakalie benchi. Watu wanacheka, maisha yanaendelea. Hivyo ndivyo Bongo ilivyoamua kumkumbuka Mtanzania wa kwanza kucheza NBA: jamaa aliyechaguliwa namba mbili mwaka 2009, akapewa mamilioni ya dola, akashindwa. Kesi imefungwa.

Tatizo ni kwamba stori hiyo imekatwa kichwa. Miezi mitatu kabla ya usiku ule wa kuchaguliwa, Hasheem Thabeet alikuwa katikati ya mashindano ambayo Wamarekani wengi wanayapenda kuliko hata NBA yenyewe, na chuo chake kilibakiza mechi mbili tu kuchukua ubingwa wa taifa zima. Habari hiyo Bongo haisimuliwi sana. Ilistahili kusimuliwa.

Kwanza, mashindano yenyewe. Kila mwezi wa tatu vyuo vya Marekani vinaingia kwenye mtoano wa NCAA, ule wanaouita March Madness. Mwaka 2009 ziliingia timu 65. Hakuna marudiano, hakuna pointi za kundi wala kusubiri matokeo ya wengine. Ukifungwa mara moja unafungasha mizigo. Bingwa anatakiwa ashinde mechi sita mfululizo ndani ya wiki tatu, na wachezaji wote ni wanafunzi. Timu nne zinazobaki mwishoni zinaitwa Final Four, na kufika hapo tu ni jambo ambalo chuo kinaweza kujivunia miaka mingi.

Sasa mwanafunzi wetu. Hashim Thabit Manka, ambaye Wamarekani wanamwandika Hasheem Thabeet, alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987 na kusoma Makongo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Weka alama hapo kwenye 15, itahitajika mbele. Urefu ulimfungulia njia ya kwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn. Kocha wake alikuwa Jim Calhoun, mzee ambaye tayari alikuwa na makombe mawili ya taifa, la 1999 na la 2004.

Msimu wa 2008/09 ndio uliokuwa wake. Futi saba na inchi tatu, mikono mirefu, na timu pinzani zikaanza kuogopa kusogea karibu na ringi. Kwa wastani kila mechi aliondoka na pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2. Tarehe 31 Januari dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na akazuia mitupo 10. Mitupo kumi, mechi moja. Mwisho wa msimu ligi yao ya Big East ilimpa tuzo ya mchezaji bora, akigawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na makocha wa nchi nzima wakamtaja mlinzi bora kwa mwaka wa pili mfululizo.

Huyo Blair naye ana sehemu yake kwenye stori. Tarehe 16 Februari, siku Hasheem anatimiza miaka 22, Pittsburgh waliwafuata UConn nyumbani kwao. Blair alikuwa mfupi kuliko Hasheem kwa zaidi ya nusu futi, ila alikuwa na mwili kama gunia la viazi lililoshindiliwa. Katika kugombania mpira akamrusha Hasheem begani mpaka chini. Siku hiyo Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alipata pointi 5 na ribaundi 4. UConn wakalala 76-68. Dalili ilishaonekana: mrefu alikuwa mrefu kweli, lakini akikutana na mtu mwenye nguvu na ujanja wa miaka mingi, anapata shida.

Halafu ikaja mechi ambayo mashabiki wa kikapu hawataisahau. Usiku wa tarehe 12 Machi, New York, robo fainali ya Big East, UConn na Syracuse. Muda wa kawaida ukaisha 71-71, Syracuse wakidhani wameshinda kwa mtupo wa mwisho, waamuzi wakaangalia picha na kuukataa. Ikaenda muda wa nyongeza. Ukaisha sare. Wa pili, sare. Wa tatu, wa nne, wa tano, sare. Syracuse walikuja kushinda kwenye muda wa nyongeza wa sita, 127-117. Filimbi ya mwisho ilipulizwa saa saba na dakika 22 usiku kwa saa za New York, na kwa saa za Tanzania ilikuwa saa mbili asubuhi ya Ijumaa. Makambako, mabasi ya Songea na Mbeya yalishaanza kupishana kwenye njia panda. Watu wa Mahongole walishakunywa chai, wenye mashamba wapo shambani.

Timu iliyochoka hivyo, na iliyokuwa imempoteza mlinzi wake Jerome Dyson kwa jeraha la goti tangu Februari, ndiyo iliyoingia kwenye mtoano wa taifa. Siku ya mechi ya kwanza Calhoun mwenyewe alikuwa hospitalini. Vijana wakaingia bila mzee na kuwachapa Chattanooga 103-47. Wakafuata Texas A&M, 92-66. Purdue, 72-60. Kwenye mechi ya kuingia nne bora wakawatoa Missouri 82-75, siku ambayo dogo wa mwaka wa kwanza aitwaye Kemba Walker alifunga pointi 23. Kumbuka na jina hilo, kwa sababu miaka miwili baadaye ndiye aliyeiongoza UConn kuchukua kombe.

Mbongo yuko Final Four. Jumamosi tarehe 4 Aprili, Detroit, ndani ya uwanja wa Ford Field wenye watu zaidi ya 72,000. Kwa hapa ilikuwa saa saba usiku kuamkia Jumapili. Wapinzani walikuwa Michigan State, chuo cha jimbo hilohilo, kwa hiyo UConn walicheza ugenini kabisa. Detroit wakati huo ilikuwa kwenye hali mbaya, viwanda vya magari vinayumba na watu wanapoteza kazi, na timu ya nyumbani ikawa ndiyo faraja ya mji. Michigan State waliamua kukimbia. Hawakumpa Hasheem nafasi ya kusimama na kulinda ringi, mpira ulikuwa unamfikia akiwa bado njiani kurudi. Alifunga pointi 17 na ribaundi 6. Si mechi mbovu, lakini haikutosha. 82-73, safari ikaishia hapo. Siku mbili baadaye North Carolina wakawafunga Michigan State 89-72 na kubeba kombe.

Tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden akawa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Hapo ndipo utani wote unapopata chakula. Februari 2010 akashushwa kwenda kucheza ligi ya chini, Dakota Wizards, akiwa mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kuliko wote waliowahi kushushwa hadi wakati huo. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Mechi 224 za NBA, wastani wa pointi 2.2.

Sasa, nini kilitokea kati ya Aprili na Februari? Uvivu, starehe, bahati mbaya? Kila kijiwe kina jibu lake. Lipo jibu moja ambalo halihitaji umbea: sheria. Kwenye kikapu cha vyuo, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote akisubiri wanaokuja. NBA hairuhusu. Mlinzi asiyekaba mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu kwenye eneo lile lililopakwa rangi. Kazi aliyokuwa anaifanya vizuri kuliko mwanafunzi yeyote Marekani, kazini kwake kupya iligeuka kuwa kosa. Ilibidi atoke nje, akimbizane na watu wepesi, asome mchezo haraka, na kila usiku akabane na wanaume wa aina ya Blair.

Na hapo ndipo ile 15 inarudi. Aliokuwa anapambana nao walianza kudunda mpira wakiwa watoto wadogo. Yeye siku ya Detroit alikuwa na miaka saba tu tangu aanze mchezo wenyewe. Miaka saba, kutoka kutojua kitu mpaka nne bora ya Marekani. Ukilipima jambo hilo kwa haki, la kushangaza si kwamba alikwama NBA, ni kwamba alifika pale.

Anayemcheka Hasheem angejiuliza swali la nyumbani kwanza. Hiyo miaka ya kabla ya 15 alitakiwa aipate wapi? UMISSETA ina kikapu, klabu za Dar kama Savio, Vijana na Pazi zimefanya kazi kubwa, lakini huo mchezo unataka sakafu. Soka linachezeka hata kwenye nyasi za malisho. Mpira wa kikapu haudundi kwenye tope la masika ya Njombe. Mtoto wa Mahongole mwenye urefu wa kushangaza yuko zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar, na asipokuta sakafu, kocha na ringi akiwa na miaka tisa au kumi, atakuwa anaanza akiwa amechelewa kama alivyochelewa yule wanayemtania kwa jina lake.

Kumwita mtoto Hasheem si tusi. Ni jina la mwanafunzi wa Kitanzania aliyebakiza mechi mbili. Tusi ni kumpa mtoto jina bila kumpa mpira.