Jicho, Simu na Kitanda: Noah, Wekesa na Mtoto wa Burat

Wasee, leo tunaongea tenisi. Ndio, ile ya raketi. Najua hapa Burat ukitaja michezo watu wanafikiria futiboli, voliboli kidogo, halafu mbio, kwa sababu Mkenya yeyote anadhaniwa anajua kukimbia. Lakini kaa na mimi dakika tano. Hii ni historia, na inakuhusu hata kama hujawahi kushika raketi maishani.

Wengi wenu mnamjua Joakim Noah, yule jamaa mrefu aliyechezea Chicago Bulls na kutajwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2014. Basi mimi nataka tuanze na mzee wake. Anaitwa Yannick Noah, mchezaji tenisi mstaafu wa Ufaransa. Kule Ufaransa, Joakim ndiye anayeitwa mtoto wa Yannick.

Yannick alizaliwa Sedan, Ufaransa, mwaka 1960. Mamake alikuwa Mfaransa, mwalimu. Babake, Zacharie, alikuwa mwanasoka kutoka Kameruni na alishinda Kombe la Ufaransa na timu ya Sedan mwaka 1961. Baada ya mzee kuumia, familia ilihamia Yaoundé, Yannick akiwa bado mtoto wa miaka mitatu. Kwa hivyo huyu bingwa ambaye Wafaransa wanamwita wao, raketi aliijua Afrika.

Sasa skia vile maisha yake yaligeuka. Mwaka 1971 Arthur Ashe alipita Yaoundé kwenye ziara. Ashe alikuwa Mmarekani mweusi, bingwa wa US Open mwaka 1968, na jina lake lilikuwa kubwa kila mahali. Akacheza kidogo na watoto wa pale klabuni, akamwona kijana mmoja wa miaka 10 hivi ambaye mkono wake haukuwa wa kawaida. Angeweza kumpiga picha, ampe fulana, aende zake. Wageni wengi wakubwa hufanya hivyo. Yeye alimpigia simu Philippe Chatrier, mmoja wa viongozi wa shirikisho la tenisi la Ufaransa, akamwambia kuna mtoto huku mnafaa kumwona. Haikupita muda mrefu, Yannick akawa Nice, kwenye mpango wa shirikisho ambapo mtoto anasoma na kufanya mazoezi chini ya makocha.

Hesabu vitu vitatu hapo. Kulikuwa na jicho lililomwona. Kulikuwa na simu iliyopigwa kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu. Na kulikuwa na kitanda, yaani mahali pa kulala, kula, kusoma na kufanya mazoezi, pamekwisha kutengenezwa kabla hata hajafika. Kipaji chake kilikuwa kile kile Jumatatu na Jumanne. Kilichobadilika ni hivyo vitatu.

Matokeo unaweza kuyatafuta mwenyewe. Tarehe 5 Juni 1983, fainali ya Roland Garros, Noah alimpiga Mats Wilander wa Uswidi 6-2, 7-5, 7-6. Wilander ndiye alikuwa bingwa mtetezi. Babake, Zacharie, aliruka akaingia uwanjani, wakakumbatiana wakilia mbele ya dunia nzima. Ufaransa ilikuwa haijapata bingwa wa kiume pale tangu Marcel Bernard mwaka 1946, na tangu Noah hawajapata mwingine. Kwa jumla alishinda mataji 23 ya mchezaji mmoja mmoja na akafika nafasi ya 3 duniani mwaka 1986. Akigeuka nahodha wa timu, aliipa Ufaransa Davis Cup mara tatu: 1991, 1996 na 2017. Katikati ya hayo yote akawa pia mwanamuziki mkubwa. Jamaa hakuwa anakaa bure.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa Kenya tulikuwa na wetu wa enzi hiyo hiyo.

Anaitwa Paul Wekesa, na alizaliwa 1967. Kuna kitu kinanichekesha: babake anaitwa Noah. Ndio, Dkt. Noah Wekesa, daktari wa mifugo aliyekuja kuwa mbunge wa Kwanza na baadaye waziri. Kwa hivyo Afrika ilikuwa na Noah kwa jina la ukoo na Noah kwa jina la baba, wote kwenye tenisi ya dunia.

Kumbuka tenisi ilifikaje hapa. Ililetwa na wakoloni, ikachezwa ndani ya klabu zao, na Mwafrika alikuwa pale kukata nyasi na kuokota mipira. Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa rangi uliondolewa mlangoni lakini ada ya uanachama ikabaki. Mpaka leo, ukisema unacheza tenisi, mtu anakuangalia juu chini akijiuliza kwenu ni akina nani.

Wekesa alienda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Chattanooga, halafu akaingia tenisi ya kulipwa. Alichezea Kenya kwenye Davis Cup. Alishinda mataji matatu ya ATP kwa upande wa wachezaji wawili wawili. Na mwaka 1995 akafika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja.

Usiicheke hiyo 100. Mashindano makubwa ya Grand Slam yana nafasi 128 kwa wanaume, na karibu 104 zinaenda moja kwa moja kwa wenye nafasi za juu. Ukiwa ndani ya 100, unaingia kwa mlango wa mbele. Ukiwa 180, unapigania mechi za kufuzu, unajilipia ndege, hoteli na kocha, na ukipoteza mapema unarudi nyumbani na deni. Kati ya 100 na 180 kuna tofauti ya kazi na ndoto. Mkenya alifika kwenye ule mstari, na tangu hapo hakuna Mkenya mwingine wa kiume aliyefika. Miaka thelathini sasa. Lakini uliza darasa lolote la sekondari hapa Isiolo Wekesa ni nani, uone vile watakuangalia.

Hapa ndipo nina maoni yangu, na unaweza kunipinga.

Watu hupenda kusema Noah alikuwa na bahati na Wekesa alikuwa na bidii. Mimi naona hiyo hesabu haijakamilika. Wote wawili walikuwa na bidii, na wote walikuwa na bahati ya namna yake. Tofauti kubwa iko kwa kilichobaki nyuma yao. Ufaransa ilikuwa na utaratibu kabla ya Noah, na ukaendelea baada yake. Hawajapata bingwa mwingine wa kiume wa Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja, ni kweli, lakini angalia waliotoka: Guy Forget, Gaël Monfils, Jo-Wilfried Tsonga. Huyo Tsonga babake anatoka Kongo Brazzaville. Alicheza fainali ya Australian Open 2008, akafika nafasi ya 5 duniani, akastaafu pale pale Roland Garros mwaka 2022. Mmoja akitoka, mwingine yuko njiani.

Wekesa yeye kitanda chake kilikuwa Chattanooga. Alipomaliza, Kenya haikuwa na kitanda kingine cha kumlaza anayefuata. Tulikuwa na mtu mmoja mzuri sana, na mtu mmoja akistaafu anastaafu na kila kitu.

Kuna mtu atasema: lakini Noah alichukuliwa na Ufaransa, kombe likaenda Ufaransa, Kameruni ikabaki na nini? Hoja nzuri, na inauma. Mwaka 1983 bendera iliyopepea haikuwa ya Yaoundé. Mtoto asiye na kitanda kwao atalala kwa mwenye kitanda, na atakapoamka ataimba wimbo wa pale. Ndiyo maana nasema tujenge vyetu, hata kama ni vidogo.

Na inawezekana. Angella Okutoyi alizaliwa 2004, mamake akafariki wakati wa kujifungua, akalelewa na nyanyake hapo Nairobi. Nyanya alikuwa mfanyakazi wa usafi Shule ya Msingi ya Loresho. Hakukuwa na baba waziri hapo. Kulikuwa na tenisi pale shuleni, ndiyo siri yote. Baadaye akapata nafasi kwenye mafunzo ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa. Mwaka 2022 yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda Wimbledon ya wasichana, wachezaji wawili wawili, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Jicho, simu, kitanda. Ona vile vinajirudia.

Sasa Burat. Sisi ni watu wa mashamba ya kumwagilia, mifugo na majirani wa kambi za jeshi. Nairobi iko karibu kilomita 280 kutoka hapa, na barabara ni nzuri siku hizi, lakini hakuna Arthur Ashe anayepita kwa njia ya Burat. Mtoto anayerusha jiwe akagonga tawi alilolilenga, umbali ambao wewe huwezi hata kuona vizuri, sisi tunamwambia aache utundu. Labda huo mkono ulikuwa wa serve. Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyempa kitu cha kugonga.

Najua jibu litakalokuja: uwanja wa tenisi ni pesa nyingi. Uwanja kamili, ndio. Una urefu wa mita 23.77 na unataka sakafu ya maana. Lakini dunia nzima watoto wadogo hawaanzi huko tena. Wanaanza na mipira laini inayodunda polepole, raketi fupi, na uwanja mdogo wa kama mita 11. Hiyo unachora kwa chokaa kwenye uwanja wa gwaride la shule. Wavu unaweza kuwa kamba na magunia. Na kabla ya wavu kuna ukuta. Ukuta haukosi mpira, haukuchoki, na kila darasa la mawe hapa lina pande nne.

Kwa hivyo tusianze kwa kuomba uwanja wa mamilioni ambao utafunguliwa na mgeni rasmi kisha ufungwe kwa kufuli. Tuanze na jicho. Mwalimu mmoja kwa kila shule aliyefunzwa kutambua mtoto mwenye mkono, na aliye na namba ya mtu wa kupigia. Anayepigiwa naye awe na mahali pa kumpeleka mtoto wikendi, hata kama ni Nanyuki au Meru, nauli ikiwa imelipwa. Hiyo ni bajeti ndogo kuliko hema na viti vya sherehe moja.

Na kwa wewe uliye na miaka 17 unasoma hii ukijiona umechelewa: labda umechelewa kuwa mchezaji. Hujachelewa kuwa jicho. Ashe alikuwa na siku chache tu Kameruni na alitumia simu moja.

Niambieni kwenye komenti: shule gani hapa Burat au Isiolo mjini ina ukuta mzuri usio na madirisha, na mwalimu ambaye hatatufukuza? Mipira ya kuanzia tutachanga.