Mwangwi Kutoka Karakana ya Meli

Mwaka 1953 mwanafizikia mmoja kijana aliingia katika karakana ya meli ya Kockums, mjini Malmö, kusini mwa Sweden, akaomba aonyeshwe mashine ya kukagulia chuma. Mafundi waliitumia kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Ilipeleka sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti ikigonga ufa inarudi, na kwenye kioo panachomoza alama. Lakini Carl Hellmuth Hertz hakufuata chuma. Alikibandika kichwa cha mashine kifuani mwake mwenyewe, na pale kwenye kioo ikachomoza alama iliyokwenda na kurudi, ikifuata mapigo ya moyo wake.

Mwenzake katika jambo hili alikuwa Inge Edler, daktari wa moyo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Lund. Shida iliyomkosesha Edler usingizi ni ile ile ambayo madaktari wetu wa Afrika Mashariki wanakutana nayo mpaka leo: wagonjwa walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi.

Homa hiyo huanzia kooni. Mtoto anaumwa mafindofindo, bakteria aina ya streptokokasi wanaachwa bila dawa, kisha kinga ya mwili inakosea adui na kuanza kuushambulia moyo wenyewe. Inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto. Mwaka hadi mwaka kingo zake zinanenepa na kushikana. Kwa mtu mzima mwenye afya, tundu la mlango huo lina sentimita za mraba 4 hadi 6. Likishuka chini ya 1.5, hali ni mbaya. Damu inarudi nyuma na kulundikana mapafuni. Mgonjwa anahema kwa hatua chache, na usiku analala ameketi. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na mlango uliobana hauwezi kuipitisha.

Siku za Edler tiba ilikuwa imeanza kupatikana. Juni 1948, mjini Philadelphia, daktari Charles Bailey aliingiza kidole ndani ya moyo unaopiga akaupanua mlango uliobana, na mgonjwa akapona. Upasuaji huo ukaenea upesi. Lakini ulimfaa tu yule ambaye valvu yake imebana. Ikiwa valvu inavuja, kuipanua ni kumzidishia mgonjwa maradhi. Na daktari angejuaje kabla ya kisu? Alikuwa na stetoskopu, picha ya eksirei, na mrija wa kusukumiwa hadi moyoni. Vyote vilimwonyesha dalili tu, mlango wenyewe hakuuona.

Hertz aliijua njia ya kupata mashine. Baba yake, Gustav Hertz, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, aliwahi kuongoza maabara ya utafiti ya Siemens, na kwa ukaribu huo kampuni iliwaazima mashine kutoka Erlangen, Ujerumani. Tarehe 29 Oktoba 1953 wawili hao waliunasa mwangwi wa moyo kwenye filamu inayotembea.

Hapo ndipo ninapomheshimu Edler zaidi. Filamu ilionyesha mstari uliopanda na kushuka kwa kila pigo, naye mwanzoni akaamini kwamba mwangwi ule unatoka kwenye ukuta wa chumba cha juu cha moyo. Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliwapima wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, akaweka alama kifuani kuonyesha sauti ilikopitia. Mgonjwa alipofariki, alichomeka chuma chembamba cha kuvunjia barafu pale pale, kwa mwelekeo ule ule, kisha maiti ikapasuliwa ili aone ncha imefika wapi. Ilikuwa imefika kwenye jani la mbele la valvu ya mitrali. Kumbe kwa muda wote ule alikuwa akiutazama mlango wenyewe, alioutafuta tangu siku ya kwanza!

Tangu hapo mstari ukasomeka. Valvu nzima hufunguka kisha jani lake huanguka kwa kasi, na mstari unateremka kama paa lenye mwinamo mkali. Valvu iliyobana huanguka polepole, mstari unakaribia kulala. Mwaka 1977 wawili hao walipewa Tuzo ya Lasker.

Waliofuata waliupa mstari ule umbo, kisha rangi. Picha hai ya moyo mzima ikapatikana, halafu damu nayo ikaonekana ikitembea: inayokuja kwenye kifaa ni nyekundu, inayokwenda mbali ni bluu, na panapovuja rangi zinavurugika. Huko Trondheim, Norway, daktari Liv Hatle na wenzake waliitumia kasi ya damu kukokotoa shinikizo. Chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 4. Damu ikipenya kwenye tundu kwa mita 4 kwa sekunde, tofauti ya shinikizo ni milimita 64 za zebaki. Hesabu ya darasa la saba hiyo, na imewaepusha wagonjwa wasiohesabika na mrija wa kuingizwa moyoni.

Picha hiyo hiyo ikawa mwamuzi wa tiba. Mjapani Kanji Inoue alipobuni puto la kuupanua mlango bila kupasua kifua, daktari alihitaji kujua kwanza kama valvu itakubali. Tangu 1988 inapewa alama: inavyocheza, unene wake, chokaa iliyoganda, na hali ya nyuzi zinazoishikilia. Jumla ya juu kabisa ni 16. Ikiwa 8 au chini yake, puto lina matumaini mema.

Sweden ya leo karibu imeusahau ugonjwa uliomfanya Edler ahangaike. Kwetu bado upo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto wa shule 2,170 wa Msumbiji. Kwa stetoskopu walipatikana wenye ugonjwa huu 2 hivi katika kila 1,000. Kwa eko, yaani picha hii ya mwangwi wa moyo, walifika 30. Wale wengine walikuwa darasani, wanacheza, hawana habari.

Kisha ikaja Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watafiti, akiwamo Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, waliwapima kwa eko watoto zaidi ya 100,000. Watoto 818 waliokutwa na dalili za mwanzo, wenye miaka 5 hadi 17, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, kundi la pili halikuchomwa. Baada ya miaka 2, waliozidiwa katika kundi lisilochomwa walikuwa 33. Katika kundi la sindano walikuwa 3. Sindano yenyewe ni ya benzathini penisilini, dawa iliyopatikana miaka ile ile Hertz alipokwenda Malmö. Inauma, na mtoto huijua siku yake ikikaribia. Lakini mtoto huyo hajaanza kuhema, na bado analala chali usiku kucha.